Mwongozo kamili: vifaa vya kuvaa na kuvua vya kurekebisha taya la mtoto

Mtoto ambaye taya lake la chini limebaki nyuma haumwi, halii usiku wala hakosi shule. Ndiyo maana wengi hufikishwa kliniki wakiwa wamemaliza kidato cha nne, mifupa imeshakomaa, na kilichobaki ni kufunga waya za kuficha tatizo au kufanyiwa upasuaji wa taya. Kama mtoto huyo huyo angeletwa akiwa na miaka 11 hivi, kifaa cha plastiki ngumu na waya, anachokivaa na kukivua mwenyewe, kingeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa muda wa miezi 9 hadi 12. Nayaandika haya kwa mzazi au mlezi anayemwona mtoto wake ana meno ya juu yaliyotangulia mbele na kidevu kilichorudi nyuma, na hajui aanzie wapi.

Vifaa vya aina hii ni vingi. Nitakaa zaidi na kimoja, Twin Block, kwa sababu ndicho ninachokiona kinafaa watoto wengi kuliko vingine. Vingine nitavitaja pale tatizo la mtoto linapokuwa tofauti.

Kifaa chenyewe na namna kinavyofanya kazi

Wazo la kuvuta taya la chini mbele kwa kifaa cha kuvaa lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1902 Mfaransa Pierre Robin alieleza kifaa chake cha kipande kimoja kinachounganisha taya zote mbili, na baadaye Viggo Andresen, Mdenmaki aliyefanya kazi Norway, akatengeneza cha kwake. Ubaya wa vifaa hivyo vya kipande kimoja ni kwamba ukivivaa huwezi kula wala kuzungumza vizuri, kwa hiyo vilivaliwa zaidi usiku.

Mwaka 1977 William Clark, daktari wa meno wa Scotland, alikigawa kifaa sehemu mbili: pleti moja ya juu na moja ya chini. Kila pleti ina matofali ya akriliki, yaani plastiki ngumu, juu ya magego, na matofali hayo yamekatwa kwa mteremko mkali wa nyuzi 70 hivi. Mtoto akifunga mdomo, mteremko wa chini unateleza mbele ya ule wa juu na taya la chini linalazimika kukaa mbele. Hawezi kuuma kwa raha akiwa amerudi nyuma. Kwa kuwa pleti hazijaungana, anaongea, anameza na hata anakula nazo.

Kuna jambo moja wazazi hawaambiwi wazi. Matangazo hupenda kusema kifaa "kinakuza taya". Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2003, uliofanywa kwa watoto wenye umri wa kati ya miaka 8 na 10, ulionyesha kwamba mabadiliko mengi yanatokana na meno kuhama: ya juu yanarudi nyuma na ya chini yanakuja mbele. Mchango wa mfupa wenyewe upo lakini ni mdogo. Bado nasema kifaa kina thamani kubwa, maana pengo la mbele linazibwa, midomo inaweza kufunga bila kulazimishwa, na meno ya mbele hayabaki wazi kupigwa na mpira au sakafu. Lakini mzazi aingie akijua anachokinunua.

Hatua ya 1: Mchunguze mtoto nyumbani

Msimamishe penye mwanga, mwambie ameze mate kisha aume kwa magego, halafu mtazame kwa upande. Chukua rula ndogo upime kutoka uso wa mbele wa jino la chini hadi uso wa mbele wa jino la juu, rula ikiwa imelala. Milimita 2 hadi 4 ni kawaida. Ikizidi 6, mpeleke kwa daktari. Ikizidi 9 hilo ni pengo kubwa, usisubiri likizo ijayo. Angalia pia kama mdomo wa chini unajificha nyuma ya meno ya juu akiwa ametulia. Mdomo ukikaa hapo unayasukuma meno ya juu mbele kila siku.

Kisha fanya jaribio ambalo hata daktari atalifanya. Mwambie: "Haya mwanangu, funga meno, sasa sogeza taya la chini mbele mpaka meno ya mbele yakutane ncha kwa ncha. Usifungue mdomo, tulia hapo hapo." Mtazame tena kwa upande. Kama sura imekaa vizuri, kidevu kimejitokeza na midomo imekutana, basi tatizo liko kwenye taya la chini na huenda kifaa kikamfaa. Kama sura imeharibika, mdomo mzima umebinuka mbele, basi huenda ni meno au taya la juu ndilo lililozidi, na mpango utakuwa mwingine.

Kama meno ya chini ndiyo yanayotangulia mbele ya ya juu, hiyo ni hali tofauti kabisa na Twin Block ya kawaida haifai. Watoto hao husaidiwa mapema zaidi, mara nyingi kati ya miaka 7 na 10, kwa kifaa cha usoni kinachoegemea paji la uso na kidevu na kulivuta taya la juu mbele kwa mipira. Na kama kidevu kinakwenda upande mmoja mtoto anapofunga mdomo, huenda taya la juu ni jembamba na linahitaji kutanuliwa kwa pleti yenye skrubu.

Uliza pia chanzo. Kunyonya kidole baada ya miaka 6 au 7, wakati meno ya ukubwani yanatoka, kunasukuma meno ya juu na kuacha uwazi mbele. Kifaa hakitashinda kidole kinachorudi mdomoni kila usiku. Mtoto anayelala mdomo wazi na kukoroma aonwe na daktari wa pua na koo kwanza, kwani huenda tezi za nyuma ya pua zimevimba.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu Tanzania, Kenya na Uganda bado linaleta watoto kliniki: kung'olewa kwa "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, mtu anaichana fizi na kutoa kile anachodai ni jino baya. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge, na mara nyingi chipukizi la chonge la ukubwani chini yake huumia pia. Miaka 10 baadaye chonge haipo au imetoka imeharibika, na meno ya jirani yameinamia pengo. Kama mtoto wako alifanyiwa hivyo, mwambie daktari mapema bila aibu, kwa sababu mpango mzima wa matibabu unabadilika.

Hatua ya 2: Chagua wakati

Kifaa kinafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa katika kipindi cha kurefuka kwa kasi. Kwa wasichana mara nyingi ni kati ya miaka 10 na 13, kwa wavulana huchelewa kidogo, 11 hadi 14. Usitegemee siku ya kuzaliwa peke yake. Tazama viatu: mtoto aliyebadilishiwa namba ya kiatu mara mbili ndani ya mwaka yuko kwenye kasi hiyo. Msichana aliyevunja ungo muda mrefu uliopita amekwishapita kilele. Daktari naye atasoma umbo la pingili za shingo kwenye eksirei ya kichwa inayopigwa kwa upande, na humo ataona kama ukuaji mkubwa bado uko mbele.

Je, uanze mapema, akiwa na miaka 8? Kwa mtoto wa kawaida jibu langu ni hapana. Matokeo ya mwisho hayawi bora, na unamchosha kwa matibabu ya awamu mbili. Ninaowaondoa kwenye kanuni hiyo ni wawili: mtoto ambaye meno yake yametokeza sana na yuko kwenye hatari ya kuyavunja, kwani tafiti zimeonyesha kuanza mapema kunapunguza ajali za meno ya mbele, na mtoto anayetaniwa shuleni mpaka ameacha kucheka.

Hatua ya 3: Tafuta mtu sahihi

Unayemtafuta ni daktari bingwa wa mpangilio wa meno na taya. Daktari wa meno wa kawaida ndiye atakayekuelekeza. Mabingwa hawa ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kliniki za kufundishia, kama zile za Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Kabla ya kulipa chochote, uliza bei ya safari nzima, si ya kifaa tu. Watoto wengi baada ya Twin Block hufungwa waya za kubandikwa ili kunyoosha meno, na mwisho huvaa kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikokuwa. Uliza kikipotea au kikivunjika nani analipa. Uliza kama bima yako inagusa matibabu haya au inayahesabu kuwa ya urembo. Na piga hesabu ya nauli, kwa sababu utarudi kila baada ya wiki 6 hadi 8. Mzazi anayetoka mbali na mjini anaweza kushindwa katikati kwa sababu ya basi, si kwa sababu ya kifaa.

Meno yaliyotoboka yazibwe na fizi zinazotoa damu zitibiwe kwanza. Mtoto mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa, mwambie daktari kabla ya yote, kwa sababu kifaa cha kuvua kinaweza kuvunjika na kuziba njia ya hewa wakati wa degedege.

Hatua ya 4: Vipimo

Atapigwa picha na eksirei, kisha ataumishwa trei yenye aljineti, ule unga unaokorogwa na maji ukawa uji mzito unaoganda mdomoni kwa dakika chache. Mtoto anayetapika haraka akae wima, ainamishe kichwa mbele kidogo na apumue kwa pua. Siku hizi kliniki nyingine hutumia kamera ndogo ya kupiga picha meno badala ya trei.

Kipimo kinachoamua kila kitu ni cha nta. Daktari analainisha nta kwenye maji ya moto, anaiweka juu ya meno ya chini, na mtoto anasogeza taya mbele na kuuma hapo. Mara nyingi analetwa mpaka meno ya mbele yakaribie kukutana ncha kwa ncha, yakiachwa uwazi wa milimita 2 hivi. Mtoto mwenye pengo kubwa mno huletwa kwa awamu mbili, na matofali huongezwa akriliki baadaye. Mtoto afanye mazoezi ya kusogeza taya mbele ya kioo nyumbani kabla ya siku hiyo. Nta ikichukuliwa taya likiwa limepinda upande, kifaa kizima kitatoka kimepinda.

Hatua ya 5: Siku ya kupokea

Usitoke kliniki kabla mtoto hajakivaa na kukivua mwenyewe mara kadhaa mbele ya daktari. Kuvaa: pleti ya juu inasukumwa kwa vidole gumba mpaka vishikizo, zile waya za pembeni, vishike magego, kisha ya chini kwa vidole vya shahada. Asiume ili kukiingiza. Watoto wote wanapenda kuuma, na hapo ndipo vishikizo hukatika. Kuvua: ashike vishikizo vya magegoni, pande zote mbili kwa pamoja, avute. Waya wa mbele si mpini.

Weka kijaluba chake kigumu, chenye rangi kali inayoonekana, na uandike jina na namba ya simu.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza

Mate yatajaa. Misuli ya mashavuni itauma asubuhi. Atazungumza kama ana pipi mdomoni, hasa herufi ya s na sh. Paracetamol kwa kipimo cha umri wake inatosha kwa siku mbili tatu za mwanzo. Kwa maneno, asome kwa sauti robo saa kila jioni, kitabu chochote, au arudie sentensi kama "sisi sita tumeshasoma somo la sita" mpaka ulimi uzoee. Nyumba ikimcheka atakivua, kwa hiyo waambie ndugu zake mapema.

Kula ndiko kunakowashinda wengi. Anza na vyakula laini: uji, wali na mchuzi, ndizi za kupika, viazi vilivyopondwa. Ugali unanata, hivyo matonge yawe madogo na yachovywe kwenye mchuzi. Madaktari wengine huruhusu kukivua wakati wa kula siku za mwanzo. Kama wako anataka kivaliwe mezani, mzoeshe taratibu, kwa sababu misuli inafanya kazi kubwa wakati wa kutafuna. Mua, mahindi ya kuchoma, karanga za mayai, barafu na ubani aviweke kando mpaka kazi iishe.

Kidonda kikitokea shavuni au chini ya ulimi, asukutue kwa maji ya chumvi na umpeleke kwa daktari akisugue kile kipande cha kifaa kinachomkwaruza. Usikisugue wewe kwa tupa wala msasa. Siku moja kabla ya miadi mtoto akivae, ili alama ya kidonda ionekane.

Hatua ya 7: Saa

Hapa ndipo matibabu yanapofaulu au kufeli. Utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka huo huo wa 2003 uliwalinganisha watoto wa Twin Block na wale wa kifaa cha kubandikwa kwenye meno kisichovuliwa, na karibu theluthi ya watoto wa Twin Block hawakumaliza. Kifaa hakikuwa kibovu. Hakikuvaliwa.

Maelekezo ya kawaida ni saa 22 hadi 24 kwa siku, kikivuliwa kwa kupiga mswaki, kuogelea na michezo ya kugongana. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba saa 12 zinazovaliwa kweli zinaweza kuleta matokeo yanayokaribiana. Usichukue hiyo kama ruhusa ya kupunguza mwenyewe. Ichukue kama faraja kwa mtoto ambaye hawezi kukivaa darasani, na uzungumze na daktari kuhusu kukivaa kuanzia anaporudi nyumbani mpaka asubuhi. Mtoto anayekubali saa 14 za kweli ninamwamini kuliko anayeahidi 24 na kukificha kwenye mkoba.

Bandika karatasi ukutani, mtoto aandike mwenyewe saa alizovaa. Mfukoni si mahali pake, na kwenye tishu ndiko kinakopotea zaidi, kwa kuwa anayefagia meza anaikunjakunja na kuitupa.

Kama yuko bweni, mwandikie matroni au patroni barua yenye maelezo ya daktari: kifaa ni nini, kinavuliwa lini, mtoto apewe dakika za kukisafisha baada ya mlo. Usipofanya hivyo, mwalimu mmoja akidhani ni pambo anaweza kukikusanya. Ukiweza, panga mwanzo uangukie likizo ndefu, wiki ngumu zipite akiwa nyumbani.

Hatua ya 8: Skrubu

Pleti ya juu mara nyingi ina skrubu katikati ya kaakaa, kwa sababu taya la chini likija mbele linakutana na sehemu ya juu iliyo nyembamba. Kifaa kivuliwe kwanza. Ingiza ufunguo kwenye tundu, sukuma kufuata mshale mpaka mwisho wa nafasi, kisha uutoe ufunguo bila kurudi nyuma. Hiyo ni robo mzunguko, takriban robo milimita. Kwa pleti hizi mara nyingi ni mara moja au mbili kwa wiki, lakini fuata ya daktari wako na uchague siku isiyobadilika. Ukisahau wiki moja, usizungushe mara mbili kufidia. Pleti ikigoma kukaa, rudisha robo ya mwisho na upige simu.

Hatua ya 9: Usafi

Mswaki laini wa kifaa peke yake, maji ya kawaida na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kila asubuhi na kabla ya kulala, kisha kisuuzwe vizuri. Shika pleti moja moja juu ya beseni lenye maji, isianguke sakafuni. Maji ya moto hupindisha akriliki, na dawa ya kufulia yenye klorini huharibu waya. Usikiache juu ya dashibodi ya gari wala dirishani penye jua. Wenye mbwa wawe waangalifu, mbwa hupenda sana kukitafuna.

Meno yenyewe yapigwe mswaki kwa dawa yenye floridi. Soda na juisi zenye sukari zikinywewa na kifaa kikiwa mdomoni hukaa chini ya pleti, na jino linaanza kuoza kimyakimya.

Kikivunjika, usikigandishe kwa gundi ya dukani. Mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu meno yanaanza kurudi ndani ya wiki chache.

Hatua ya 10: Marudio, na kinachofuata

Kila akirudi, daktari atapima pengo akiwa amevua kifaa na taya limerudi kadiri linavyoweza. Kupungua kwa milimita moja hivi kwa mwezi kunaonyesha kwamba anakivaa. Miezi 3 ikipita bila mabadiliko, kaeni chini na mtoto bila ukali mjue kinachomshinda. Dalili nyingine nzuri ni hii: akivua kifaa asubuhi, taya halirudi tena kule nyuma lilikokuwa.

Usishtuke ukiona mbele pamekaa sawa lakini pembeni magego hayagusani. Matofali ndiyo yaliyoyatenganisha. Daktari atakuwa anapunguza akriliki ya tofali la juu kidogo kidogo ili magego ya chini yapande, na baadaye kifaa kitavaliwa usiku tu mpaka yakutane.

Rudi haraka, bila kungoja miadi, kama kiungio cha taya mbele ya sikio kinauma sana, mdomo haufunguki, au jino limelegea. Na taya lililopinda ghafla baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda ni suala la hospitali siku hiyo hiyo, si la pleti.

Vile vifaa vya mpira vinavyouzwa mtandaoni kwa "saizi moja kwa wote", na mtindo wa vijana kufunga raba za nywele kuziba mwanya, achana navyo. Raba huteleza chini ya fizi, hupanda kwenye mzizi na kung'oa jino zima. Mtu mzima naye asiuziwe Twin Block kwa ahadi ya kukuza kidevu. Ukuaji wake umeisha, na daktari mwaminifu atamweleza habari za waya au upasuaji.

Pengo likishafungwa, mtoto huendelea kuvaa kifaa usiku kwa miezi kadhaa huku akisubiri waya za kubandikwa kama anazihitaji, kisha kifaa cha kushikilia. Ile Twin Block ya zamani isitupwe mpaka kifaa kinachofuata kiwe mdomoni na daktari amethibitisha kwamba kinakaa sawasawa.